Shibiri Tano

Mkono wa kanzu ya Idi ya Thuwaini
mbuzi wangu wameula mpaka kiwikoni.
Kaja na kilichobaki, kakitundika msumarini mlangoni kwangu,
hakusema kitu, kaenda zake.

Basi Alkhamisi, soko la Sinau likiwa bado na vumbi la alfajiri,
nikaingia kwa Dadkarim, muuza mabomba.
Wavu wa chuma, robota moja, riali kumi na sita.
Nilikwisha kupima: hatua arobaini na mbili,
hatua za mwanamke mwenye goti moja zima.
Marobota mawili. Halafu nguzo, saruji, fundi.
Nikahesabu kwa Kiarabu, nikakasirika kwa Kiswahili.

"Chukua seng'enge, bibi. Rahisi."
Rahisi kwa nani? Nina majike watano wenye mimba,
viwele karibu vinagusa chini.
Nyavu kuukuu za samaki kutoka Masira, bure,
lakini Kishada ana pembe, na pembe zake zina wazimu.
Mbao za makasha ya bohari? Hizo ngazi, si ua.
Makuti ya mtende nilijaribu mwaka juzi:
waliula ua wote kwa siku nne,
wakaniachia kamba, kwa adabu.

Nikarudi mikono mitupu, kwa kichochoro cha nyuma,
penye nyumba ya udongo ya babu yake marehemu mume wangu,
aliyekwenda Unguja kwa msimu mmoja
akazaa huko watoto kumi na mmoja.
Paa limeanguka. Mlango kauuza mtu, hatajwi.
Kuta zipo, nene kama magunia ya mchele,
pande zote nne,
wala hazidai nguzo.

Nikapima uwazi kwa kiganja: shibiri tano.

Kipande cha wavu, bawaba mbili, komeo,
riali tatu na baiza mia nne.
Dadkarim alikata akiguna
kama anayekata kitambaa cha mtoto wa mwenzake.

Sasa Kishada analala sebule ya wageni,
analamba chokaa chini ya dirisha.
Wifi yangu Zayana kapiga simu kutoka Maskati:
nyumba ya wazee, leo zizi?
Nikamwambia alete riali thelathini na mbili,
nguzo nitatafuta mwenyewe.
Mpaka leo kimya.

Thuwaini nimemshonea mkono mpya.
Rangi haikulingana.
Jana nimemwona sokoni kauvaa,
kakunja yote miwili.