Klachi Isiyo na Waya

Mchopa aliinunua kwenye mnada wa mitambo, Mtwara mjini,
pikipiki pana kama ng'ombe mwenye mimba.
Akaiendesha siku tisa.
Siku ya kumi ikakataa gea,
ikapanda hadi bandani kwangu Newala kwa mkokoteni.

Mafundi wa mtaa mzima waliupapasa usukani upande wa kushoto
wakitafuta waya.
Hakuna waya.
Mmoja akasema umekatika ule ulioko ndani kwa ndani.
Mimi nikasema iacheni hapa,
kisha usiku sikulala.

Asubuhi nilianza kwa kushika tu.
Mkono wa klachi ukazama hadi kwenye usukani,
laini, kama bibo lililolala chini siku mbili.
Nikaubana harakaharaka, mara sita, saba:
ukakaza kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake,
ukalegea tena.
Basi kuna upepo ndani.
Na upepo haujizalii humo. Una mlango.

Kikopo cha juu: mafuta meusi,
chini yake tope.
Mafuta haya yana tabia ya kunywa maji yaliyomo hewani.
Sisi huku juu tunanunua maji kwa dumu,
tunaamka saa tisa usiku kupanga foleni ya ndoo,
nayo yamekaa kwenye kikopo
yanajinywea ukungu wa Newala, bure.

Nikaufuata mpira kwa kidole mpaka chini,
nyuma ya sproketi.
Vumbi letu jekundu halishiki mahali bila sababu.
Pale lilikuwa limeshika, bichi,
pana kama kiganja cha mtoto.
Sili ya pampu ya chini imechoka.
Niliing'oa kwa kijiti cha mwanzi, si kwa bisibisi;
ukuta wa pampu ukikwaruzwa mara moja
utavuja hadi Kiyama.

Sili mpya ilikuja na basi, imefungwa kwenye karatasi ya daftari
yenye hesabu za mtoto wa mtu, mbili kati yake amekosa.

Sili haikunisumbua. Ilinisumbua mikono.
Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili,
mmoja juu kwenye klachi, mmoja chini kwenye nati,
na bandani kwangu mtu wa pili ni Nantende, shemeji yangu.
Tangu malipo ya korosho ya mwaka juzi
(kilo mia nne na kumi, stakabadhi moja, majina mawili)
tunapeana spana bila kutazamana.

Mpira wa dripu nilipewa na Somoe wa zahanati.
Ncha moja kwenye nati, nyingine ndani ya chupa.
Nikaiambia nati:
"Bana."
Kuku akapita.
Kisha kutoka juu: "Nimebana."
Nikalegeza robo. Mapovu yakakimbia ndani ya mpira.
Nikafunga.
"Achia."
"Nimeachia."

Lazima nifunge kabla hajaachia.
Nikichelewa, upepo unarudi ulikotoka
na tunaanza upya. Tulianza upya mara mbili,
ya kwanza kosa langu, ya pili sitaki kusema.

Bana. Nimebana. Achia. Nimeachia.
Mara ya ishirini na ngapi sijui,
"Kikopo kinakauka," akasema.
Hilo sikumtuma.
"Ongeza. Usimwage, yanakula rangi."
"Nani alikufundisha kwamba yanakula rangi?"
Ni yeye. Nilikuwa nimesahau.

Mapovu yakawa madogo, kama mayai ya samaki,
yakawa moja moja,
yakaisha.
Mkono wa klachi ukasimama nusu ya njia, mgumu,
ukanisukuma kiganja.
Mchopa akaweka gea namba moja: tk.
Akaondoka bila kulipa yote, kama kawaida yake.

Zile kilo mia nne na kumi hatujazizungumza.
Nantende alinawa kwanza.
Kisha akachota kopo jingine kwenye dumu,
akaliinamisha, akasubiri
nilete mikono.