Idadi na Eda

Ndimbo anasema: andika laki moja,
nani atafufuka aje kutubishia?
Tuko ghorofa ya tano, feni inakatakata joto,
na barua imetoka Ulaya jana, ya adabu sana,
ina jedwali la dunia nzima na kisanduku kimoja kitupu:
Tanganyika, mwaka wa kumi na nane, homa ya mafua.
Wanaomba namba. Hata ya kukisia.

Dunia yenyewe haijaafikiana.
Mmoja anasema milioni kumi na saba,
mwingine hamsini,
mwingine anapanda mpaka mia,
na kati ya wa kwanza na wa mwisho
wapo watu milioni themanini na tatu
ambao hawajui kama walikufa.

Nimejaribu. Nimechukua vibanda vilivyotozwa kodi kabla ya vita
nikazidisha kwa watu wanne na nusu
(huyo nusu mtu namwona usiku, anachechemea),
nikatoa waliokimbia, nikatoa waliobebeshwa,
nikaazima kiwango cha vifo cha majirani
ambao, nilipochungulia tanbihi yao,
walikuwa wamekiazima kwetu.

Kitabu cha wilaya, Novemba, wino umegeuka kutu:
“Homa. Wamekufa wengi.”
Wengi.
Mchana kutwa naitafuta thamani ya wengi.

Saa saba nashuka Kariakoo kununua betri ya kikokotoo.
Hapa palikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi;
jina la kikosi limebaki, limelainika vinywani mwetu
kama mfupa wa embe uliofyonzwa.
Sasa panauzwa kava za simu, vitenge, sumu ya panya,
na kijana mwenye kipaza sauti anahesabu kwa furaha:
buku, buku, buku jero!
Nasubiri chenji, nikijiuliza nimemkanyaga nani.

Mmoja wao namjua kwa jina.
Mwinshehe, mume wa bibi aliyemzaa bibi yangu,
aliondoka Kisarawe na mzigo wa unga usio wake.
Habari zake zililetwa na mtu aliyekuwa akikohoa:
kafa njiani, siku haijulikani, mahali ni “kule”.

Mkewe aliitwa Sikudhani,
na mimi kitukuu chake nalipwa mshahara wa kudhani.
Akaingia ndani. Kwa kuwa hakujua siku ya kuanzia
akaanzia siku ile aliyosikia.
Kila jioni mbegu moja ya ukwaju ndani ya kopo:
miezi minne na siku kumi.

Kopo analo mama, Temeke, juu ya kabati la vyombo.
Ijumaa nililimwaga mkekani, nikahesabu mara mbili.
Kwa mwezi wa kuandama, mia na ishirini na nane zingetosha.
Zipo mia na thelathini na moja.
Tatu zimezidi. Labda alisahau, labda homa ilimpitia naye,
labda hakutaka kutoka.
Huu ndio ukingo wa makosa pekee
niliowahi kuushika kiganjani.

Shehe wa mtaani kwetu aliwahi kunieleza
kwamba idadi na eda ni chipukizi za shina moja,
na kadirio limelala kitanda kimoja na kadari.
Nilicheka wakati ule. Nilikuwa chuo, nina kikokotoo kipya.
Sikujua kuhesabu ni kukaa ndani na marehemu,
mlango umerudishwa, hujipambi, husalimii wapita njia,
mpaka siku zake ziishe.

Ndimbo amerudi na chai ya tangawizi, vitumbua kwenye gazeti.
Najaribu kuandika “wengi”.
Kisanduku kinakataa herufi. Kinataka tarakimu.
Naandika laki moja. Nafuta.
Naandika laki moja tena, naliangalia,
kisha ile sifuri ya mwisho naifuta taratibu
naweka moja.

Ndimbo anainama juu ya bega langu, makombo yanadondoka.
Laki moja na moja? Hiyo moja ya nini?

Kunywa, namwambia. Chai inapoa.