Upana wa Boriti

Nilikwenda Kiponda na futi ya chuma mfukoni
kuipima nyumba ya shangazi Arafa
kabla wanawe hawajaamua: wauze, wapangishe, au wagombane.

Chumba cha chini, upana: futi tisa na inchi nne.
Cha pili: tisa na tatu.
Cha juu, kinachoelekea msikiti: tisa na tano.
Nikaitikisa futi. Nilidhani imenasa.

"Haikunasa," alisema Vuai fundi,
akichokonoa ukuta kwa ncha ya msumari.
"Hapo ndipo mkoko unapoishia.
Boriti hairefuki kwa tamaa ya mwenye nyumba.
Mti ukikoma, chumba nacho hukoma."

Kumbe miaka yote ile
tulilala ndani ya urefu wa mti,
watoto saba mkeka mmoja, kama mihogo kapuni,
tukihesabu boriti hadi usingizi utuchukue: kumi na tisa,
na ile iliyopinda,
ambayo kila mmoja wetu alisema ni yake.

Kaka Hamdani aliporudi kutoka Maskati
aliona haya na ukuta unaomwaga vumbi.
Akaleta saruji, mifuko kumi na miwili,
akaupiga plasta hadi usawa wa kifua,
akaupaka kijani cha kung'aa.
Vuli ikapita. Masika yalipoingia ukuta ukatoka jasho,
chumvi ikachanua juu ya rangi,
na shangazi kila alfajiri akiufuta kwa kanga
kama anayemfuta mtoto mwenye homa.
"Umeuvika koti la mvua," Vuai alimwambia kaka,
"nao hupumulia ngozi."

Sasa saruji imebanduliwa.
Uani, karibu na kisima, pana shimo
lenye chokaa iliyolowekwa tangu Mfunguo Tatu,
nzito, laini kama samli iliyoganda.
Haiharakishwi. Ukiiharakisha itakupasukia ukutani
siku uliyoalika wageni.

Usidhani nasifu tu.
Thuwaiba, bintiye, aliponikuta nimeduwaa ngazini
alitua ndoo, akashika kiuno:
"Wewe waja kutazama, kisha warudi Fuoni kwenye bomba.
Uzuri haupandishi maji ghorofani.
Ngazi hiihii ndiyo iliyomvunja mama nyonga."
Sikuwa na jibu. Nikaichukua ndoo.

Ni kweli, Fuoni nina sebule ya futi ishirini,
madirisha ya alumini, geti lenye kengele.
Adhuhuri bati hulia, feni huzungusha joto lilelile,
na nje ya ukuta wangu hapana mahali pa mtu kukaa kitako.
Mgeni hubonyeza, husimama juani,
huingia au huenda zake.

Hapa baraza limeliwa ukingo
kwa makalio ya watu tusiowajua hata majina.
Mvua ikijaza uchochoro unapita juu kwa juu,
baraza hadi baraza, viatu mkononi,
na Bi Raya anainua sinia lake la bajia upite,
wala hakuulizi unakwenda kwa nani.

Nilimaliza alasiri. Hakuna pembe hata moja iliyo mraba;
kila ukuta umeegemea wa jirani kidogo,
na wa jirani umeukubali.
Fomu ilitaka eneo, ilitaka thamani, ilitaka hali ya jengo.
Nikatia kiganja kwenye chokaa mbichi:
baridi, kama shingo ya mtungi.
Kwenye kisanduku cha upana nikaandika: boriti moja.

Afisa ataikataa, najua. Kesho nitaandika futi na inchi.
Thuwaiba alichungulia begani kwangu,
akacheka, mara ya kwanza siku ile.
"Andika na kimo," akasema.
"Ndoo sita, asubuhi na jioni."