Daftari la Mbao, Hull

Rejista ya kanisa inasema Raven; daftari, Ravn.
Herufi moja tu iliongezwa bandarini,
ukoo mzima ukawa wa Kiingereza.

Naifuata nasaba kwa kidole:
Jørgen, muuza mbao kutoka Drammen,
akamzaa Anders, Anders akamzaa Tobias,
naye Tobias akazaa madeni.

Mabinti hawamo.
Wake wametajwa kwa mahari yao.

Ila ukurasa wa arobaini na moja,
kati ya magogo ya Machi na kodi ya ghala,
mkono uleule usiotikiswa na hasara
hapa umetetemeka:

“Msonobari, vipande sita, vifupi.
Havikuuzwa.”

Nikarudi kanisani kutazama tarehe.
Maren. Siku tisa.

Nimemchorea tawi lake kwa penseli,
fupi vilevile.