Turubai la Onencan

Onencan alilibwaga mlangoni kama samaki aliyevunda.
"Piracel, lipake dawa lisivuje. Keshokutwa navuka Mahagi."
Nikamwambia ngoja, hapakwi dawa mgonjwa asiyejulikana.

Nikachomoa uzi mmoja penye pindo, nikauwasha kwa kibiriti.
Plastiki hujikunja, hulia, hudondosha chozi jeusi likaganda.
Pamba huungua kimya na kunuka karatasi,
na majivu yake ukiyafikicha ni unga wa mtama.
Hili lilikuwa pamba,
ile nzito iliyokuja kwa marobota
kabla Panyimur haijajaa haya ya buluu
yanayochanika yakisikia tu jina la upepo.

Nikalinusa: dizeli, muziri, koga.
Nikalibinya. Palipopigwa na jua ni mkate mkavu,
palipokunjwa bado ni ngozi ya ng'ombe.
Nikamwaga kikombe cha maji katikati, nikahesabu.
Turubai zima hufika mia tatu na maji yangali shanga.
Hili, kumi na moja,
na paka aliyelala chini yake akaondoka bila kuaga.

"Nta ni ya kilicho hai," nikasema. "Nitakushonea jipya."
Nikataja laki tatu. Akataja watoto wake, mmoja mmoja, kwa majina.
Tukakutana kwenye laki mbili na nusu, pete za shaba juu yake.

Nikashuka nalo ufukoni kulitandaza juu ya boti,
maana kuukuu ndilo ramani ya jipya:
unafuata ukingo kwa chaki, unaongeza vidole vinne.

Halikukaa.
Lilipita omo kwa dhiraa nzima.
Pete zake zilitafuta ndoano zisizokuwepo,
na pale injini ilipotuna, lenyewe lilikuwa bapa,
limezoea makasia.

Nikaligeuza.
Mshono wa safu tatu, uzi wa kijani, fundo la mwisho likilalia kushoto:
mkono wa Jakwonga, aliyenifundisha cherehani,
mtu wa shoto na hasira za bure.
Na chini ya kiraka, fundo jingine, baya, limelalia kulia.
Langu. La mwaka wa kwanza.
Nililipwa kofi la mgongo kwa fundo lile.
Tulilishona sisi wawili kwa boti ya Wathum,
iliyoondoka hapa na katoni za sabuni na watu saba.
Ikasemekana imekamatwa. Ikasemekana imeuzwa.
Kisha haikusemekana.

"Umelipata wapi?"
Onencan akaitazama milima ya Kongo kana kwamba itamjibia.
"Lilikuwa linaelea," akasema. "Peke yake. Nikalivuta.
Lilikuwa zima, Piracel. Zima kabisa."

Sikumwita mwizi. Ziwa halitoi risiti.

Nimemaliza kazi yake.
Mishumaa kilo mbili niliyeyusha juu ya maji yachemkayo,
nikaiepua, nikaisogeza mbali na jiko ndipo nikatia tapentaini,
nikapaka kwa brashi huku jua likisaidia,
nikapitisha pasi ya mkaa hadi nta ikazama.
Mishono nimeipaka mara mbili,
kwani maji hayahangaiki na kitambaa,
yanatafuta tundu la sindano.
Kikombe, katikati. Mia tatu. Mia nne.
Nilichoka kuhesabu kabla maji hayajachoka kukaa.

Kuukuu aliniambia nichome.
Nimelikata pembe yenye mafundo mawili,
la kushoto na la kulia,
nikaipigilia misumari juu ya mlango, upande wa nje.
Wageni wanadhani ni tangazo la kazi.

Mke wa Wathum hupita hapa kila siku ya soko
na beseni la muziri kichwani.
Mwenye beseni hatazami juu.