Ukuta Usio na Ukuta Chini Yake

"Gonga usikie," akasema Bi Bernadette Sugden,
"mtupu kama debe. Nataka uwe chini Ijumaa."

Nikagonga. Kweli ulilia utupu:
fito, chokaa, nywele za farasi,
na hewa iliyofungiwa humo
tangu viwanda vya sufu vya Halifax
vilipokuwa bado vinapiga filimbi alfajiri.

Juu vyumba viwili, ukuta katikati.
Chini sebule moja pana,
haina nguzo, haina hata kabati la kuegemea.
Nikashuka, nikapanda, nikashuka tena
na utepe wangu, nikipima
jambo nililokwisha kulijua.

Zubair, kijana ninayemfundisha kazi, akauliza:
"Sasa unasimama juu ya nini?"
Nikang'oa ubao mmoja wa sakafu. "Mulika."
Akalala kifudifudi, shavu kwenye vumbi la miaka mia,
akanyamaza. Kisha:
"Mzee, maboriti hayajaubeba.
Yananing'inia."

Ndivyo. Fimbo za chuma zimeshuka toka ndani ya ukuta,
nati kila moja kama yai la bata,
na sakafu yote imetundikwa pale
kama koti kwenye msumari.

Tukabandua lipu kidogo kidogo.
Ndani, mihimili miwili ya mshazari
ilipaswa kupanda toka pembe hii na pembe ile
ikutane juu, paji kwa paji, kama mafahali,
kila mmoja akimzuia mwenziwe asianguke.
Wa kulia ulikuwepo.
Wa kushoto ulikatwa, pakatiwa mlango.

Nilipitisha kidole kwenye alama za msumeno.
Zimepinda. Zinaanza, zinaacha, zinaanza.
Nikauliza nani fundi.

Bi Sugden alikuwa ameshika kikombe cha chai
ambacho hakukinywa.
"Baba. Ule mwaka wa theluji kubwa.
Mama alikuwa na kifua, analala chumba cha pili
asituamshe.
Baba alitaka kumsikia."

Mlango haukufunga tena tangu hapo.
Kila mwaka aliupiga randa upande wa juu,
kila mwaka sakafu ikamfuata chini.
"Nilikuwa naweka gololi dirishani," alisema,
"inakuja yenyewe hadi mlangoni.
Nilidhani nyumba zote ziko hivyo."

Kuna msemo wa ufa na ukuta, mnaujua.
Sikuutaja. Hautii jeki.

Jeki tulitia mbili, sebuleni, juu ya mbao nene.
Robo mzunguko asubuhi, robo jioni,
siku tisa, huku tukisikiliza
kama watu waliozunguka kitanda.
Juu ya mlango nikapitisha chuma,
nikaurudishia mhimili wa kushoto kazi yake
kwa njia ya kuzunguka.

Sikuinua mpaka mwisho.
Dari ya sebule ina maua ya plasta,
yangepasuka; hiyo ndiyo sababu niliyoandika
kwenye ankara.
Inchi moja nilimwachia baba yake.

Ijumaa ya pili akanilipa,
kwa ukuta ambao bado upo.
Zubair akachukua nati iliyobaki,
akaiweka ubavu karibu na dirisha.
Ilifikiri kwanza.
Kisha ikaja, taratibu mno,
na sisi watatu tukaipisha.