Pacha Sandukuni

Sindano imepita kifuani, kulia kidogo kwa mstari wa kati,
na chini yake naandika, herufi ndogo kama mayai ya chawa:
Mpigi. Ukuta wa jiko. Juni. Dume.
Nimejuaje? Nimehesabu kipapasio: pingili kumi na tatu.
Jike ana kumi na mbili, na kazi zote ni zake.

Miaka thelathini sanduku hili limewaita nyuki hawa jina moja.
Leo Dakta Kyarisiima ameinua uso kutoka kwenye hadubini,
duara mbili zimemganda machoni:
"Nakato, hawa si wamoja.
Tazama nywele za mguu wa nyuma. Huyu dhahabu, yule majivu."

Nikatazama.
Nikamkumbuka Babirye,
niliyegawana naye gauni, na surua,
ila yeye surua hakuivuka.
Mama akiita mmoja, tulikuwa tukiitika wawili.
Kwetu jina hukutangulia duniani:
wa kwanza Babirye, wa pili Nakato,
atakayefuata, awe mvulana awe msichana, Kizza.
Hakuna aliyetupima miguu.

"Mpe jina wewe," Dakta anasema.
"Mkia wa Kilatini nitaushona mimi."
Kalamu imenikaukia mkononi.

Saa hizi, Mpigi, ukuta wa jiko bado una joto la mchana.
Jike mmoja anarudi, miguu imejaa chavua,
anayapita matundu arobaini ya wenzake,
yote sawa, yote meusi,
anaingia lake.